Kifuniko Kwenye Debe la Ulezi

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali, maana ukuta uliopo kati yetu ni wa tofali moja na nakusikia unavyokoroma. Hao wasichana utakaolala nao chumba kimoja huko Mbeya, Mungu awape usingizi mzito.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto. Hutatoka bila viatu, kwa hiyo lazima uisome kabla ya basi. Usinisahihishe maandishi. Unajua niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili kwa sababu mwalimu alinipenda akataka nibaki.

Mambo ya kufua, kula, kusali na wanaume shangazi yako amekwisha kukuambia. Nilikaa pembeni nikamsikiliza leo mchana, na hayo ya wanaume anayajua kuliko nilivyodhani. Mimi sina la kuongeza hapo.

Unakwenda kujifunza magari. Uliponiambia mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikaniingia puani. Nikakuuliza msichana aliye chini ya gari ataposwaje, ukanijibu kwamba anayetaka kuposa aje na gari bovu, utaijua tabia yake kabla hajashuka. Sikucheka tena. Gari bovu lilishanionyesha tabia yangu mimi, na wewe hujui. Leo nataka ujue.

Wenzako chuoni watakuuliza unatoka wapi. Ukisema Sumbawanga watakutania, watataka kujua kama kweli tunaruka na ungo. Waambie ndiyo, ila ungo wa baba yako ulikuwa unamisi.

Sista unamkumbuka, ingawa sasa ni banda la kuku. Nilimnunua kwa masista, ndiyo sababu ya jina. Pikapu ya petroli, mzee kuliko kaka yako. Padri alinikanya nisimwite hivyo, nikamwambia, Baba Padri, mimi namheshimu kuliko nyinyi wote, kila Jumamosi namwosha kwa mikono yangu. Alikuwa anabeba mahindi kutoka Laela kuleta mjini, na dereva alikuwa kaka yako Gaudensi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukipanda juu ya magunia na kuimba, na kaka yako anapiga honi mahali ambapo wimbo unataka makofi.

Sista alikuwa na silinda nne. Akiwa mzima anaimba kwa sauti nne. Mwaka ule akaanza kumisi, yaani kuimba kwa tatu. Anatetemeka, anakosa nguvu mlimani, anapiga kishindo huko nyuma kama mtu aliyekula maharage ya juzi, halafu ghafla anarudi sauti nne kama vile hakuna kilichotokea. Ugonjwa wa namna hiyo ni mbaya kuliko gari kuzimika kabisa. Gari lililokufa linakaa pale pale, unalipasua taratibu. Hili la kuumwa na kupona linasubiri ugeuze mgongo.

Tulimpeleka kwa Sadiki, fundi wa Majengo, yule wa Kasanga anayesema alikimbia ziwa kwa sababu samaki hawana boneti. Kila tukifika kwake jua limeshapanda na Sista anaimba kama kwaya ya Pasaka. Sadiki ananitazama juu mpaka chini.

"Mzee, gari hili linakuogopa wewe au linaniogopa mimi?"

Akabadilisha plagi. Sista akapona siku tatu. Nikatembea Majengo yote nikijisifu kwamba nilijua tangu mwanzo ni plagi. Siku ya nne akarudia. Sadiki akabadilisha waya za plagi, Sista akapona siku mbili. Akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya la petroli, akaweka koili nyingine. Kila mara anapona kidogo, kila mara mimi najisifu, kila mara anarudia. Majirani hapa Izia wakaanza kunong'ona kwamba gari limechezewa, na mmoja, sitamtaja, anapenda sana ugali wako, akanielekeza kwa mganga wa bondeni. Nikamcheka mbele ya watu. Nikamwuliza mchawi gani huyo anayejua kazi ya koili.

Halafu nikagundua jambo. Kwa akili yangu ya darasa la nne mara mbili nikaona ni jambo kubwa. Nikiendesha mimi, Sista hamisi. Akiendesha Gaudensi, anamisi. Nikahesabu safari moja moja, ikawa hivyo hivyo. Basi nikaacha kulitazama gari, nikaanza kumtazama mtoto.

Mtu ukimtafutia ubaya, Skola, hukosi. Wiki ile ile nikanusa mafuta ya taa nyuma ya kiti cha dereva. Kulikuwa na dumu dogo limefungwa kwa nailoni. Nikasema haya ndiyo yale. Mtoto anauza petroli yangu njiani, anajazia mafuta ya taa, anachakachua gari la baba yake.

Alirudi kutoka Laela saa tano asubuhi. Wanunuzi wa mahindi walikuwa wamekaa uani wakimsubiri. Akashuka, akasema, "Shikamoo baba." Sikuitikia. Nikamnyanyulia dumu mbele ya watu wale wote na kumwita mwizi.

Hakubisha kwa kelele. Ungekuwa wewe ungeng'oa paa. Yeye alilitazama dumu, akanitazama mimi, akauliza swali moja tu.

"Baba, umewahi kuliendesha alfajiri?"

Mimi sikusikia swali. Nilisikia mtoto anamwambia baba yake kwamba ni mvivu, kwamba analala mpaka jua linamchoma, mbele ya wanunuzi. Na ilikuwa kweli nalala, hilo ndilo lililoniuma. Mama yako akatoka jikoni na unga mikononi, akasema yale mafuta ya taa alimwagiza yeye, ya jiko lake. Nikamwambia asimtetee. Mwanamke ananieleza dumu ni lake, mimi namwambia asimtetee.

Nikamwambia Gaudensi asikanyage ua huu tena, hata siku ya mazishi, yawe yangu au ya mama yake. Wewe ulikuwa nyuma ya kihenge. Sijui ulisikia kiasi gani. Nimekuwa nikiomba miaka yote hii kwamba hukusikia hayo ya mwisho, halafu tena natamani ungekuwa umesikia, maana usingemchukia kama ulivyomchukia.

Aliweka ufunguo juu ya boneti. Aliuweka taratibu, usikwaruze rangi. Akaenda.

Baada ya hapo nilipata madereva wawili, wote wakanikimbia. Sadiki akasema gari lina adabu kuliko mwenyewe. Ikapita miaka miwili nikimwendesha Sista mwenyewe, naondoka baada ya chai, saa nne, jua limeshakausha kila kitu. Hakumisi hata mara moja. Nikawa nasema unaona? Mwizi ameondoka, gari limepona.

Siku moja mwenye mzigo akataka mahindi yake mapema. Nikaondoka gizagiza, baridi ile yetu ya mwezi wa sita, ukungu umelala barabarani kama blanketi la hospitali. Kwenye kilima cha kabla ya Laela, Sista akaanza kuimba kwa tatu.

Ndani ya gari tulikuwa mimi na Sista tu. Hakukuwa na Gaudensi wa kumsingizia.

Nikajikokota mpaka Laela, kwa Mama Benadeta, yule mwanamke mnene mwenye ghala la mahindi, anayenunua gunia kwa kulipiga teke kwanza. Swali la Gaudensi la alfajiri likanirudia, nikajua jua likitoka ugonjwa utajificha tena. Nikamwomba tumsukume Sista ndani ya ghala na kufunga milango, tupate giza, moto wa umeme ukivuja uonekane. Akauliza kama nataka kumwoa gari. Tukamsukuma. Yeye akakaa kwenye usukani, akawasha, mimi nikafungua boneti, nikajaza maji mdomoni nikayapuliza juu ya injini, fuu, kama mganga. Mimi niliyemcheka mganga.

Nikaona. Kuna kikombe cheusi cha plastiki, kinakaa kama kofia juu ya kile kifaa kinachogawa moto wa umeme kwenda kwenye plagi nne. Utakifahamu, mafundi wanakiita kifuniko cha distributa. Ubavuni mwake kulikuwa na kauzi ka bluu, kembamba kama unywele, kanatambaa na kuzimika, kanatambaa na kuzimika. Ufa. Kukiwa kukavu ufa ule haufanyi kitu. Ukungu ukiingia, moto unapita njia ya mkato na plagi mojawapo inabaki na njaa. Injini ikipata joto, ufa unakauka, gari linapona. Na Sadiki kila alipobadilisha kitu alichomoa waya, na kila alipochomoa waya alikifuta kile kifuniko kwa kitambaa kabla ya kuzirudisha. Ndiyo maana Sista alikuwa anapona siku mbili tatu. Tulikuwa tunamtibu kwa kumfuta uso.

Gaudensi alikuwa anaondoka alfajiri, kwenye ukungu. Mimi naondoka baada ya chai. Tofauti yetu ilikuwa saa za kuamka.

Mama Benadeta alizima gari akatoka anakohoa moshi. Akatazama kifuniko mkononi mwangu. Habari za Gaudensi zilikuwa zimefika Laela siku nyingi, na yeye hapendi kuzunguka.

"Kwa hiyo yule mtoto ulimfukuza kwa ajili ya kikombe hiki."

Nikasema ndiyo. Ni mtu pekee niliyewahi kumwambia ndiyo.

Majirani walitafuta mchawi, nikawacheka. Mimi nikamfanya mwanangu ndiye mchawi. Niambie wewe unayekwenda chuo, tofauti yetu ni ipi?

Sasa ninakuja kwenye lile linaloninyima usingizi, maana hayo ya juu hata mjinga yeyote angeweza kuyafanya. Nilinunua kifuniko kipya Majengo siku ile ile. Sista hakumisi tena mpaka alipozeeka na kufia uani. Kile cha zamani sikukitupa. Nilikirudisha nyumbani mfukoni nikisema jioni nitamwonyesha mama yako. Jioni ikafika. Akaniuliza Sista alikuwa na nini. Nikamwambia plagi.

Akaendelea kusonga ugali. Akasema, "Sasa kama ni plagi, mtoto alikosa nini?"

Nikaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wazima kabisa.

Usiku ule nilikificha kile kifuniko kwenye debe la ulezi, chini kabisa. Nikajiambia baada ya mavuno nitampigia Gaudensi. Mavuno yakaisha, nikasema baada ya kupanda. Unanijua. Mama yako hakuuliza tena. Mwaka mmoja ukapita, akaanza kuumwa, na ugonjwa wake haukuwa wa kuja na kwenda, ulikuja ukakaa. Siku zake za mwisho alimtaja Gaudensi mara mbili. Mara zote mbili nilisema nimemtumia ujumbe. Sikutuma, Skola. Niliogopa akija atauliza lile swali lake tena mbele ya mama yake, na mimi jibu ninalo ndani ya debe.

Siku ya mazishi ulikaa barabarani tangu asubuhi ukimsubiri kaka yako. Shangazi alikuletea chakula ukakikataa. Jua lilipozama ulirudi ukasema mbele ya watu wote kwamba huna kaka, mtu asiyekuja kumzika mama yake si mtu. Ukafuta namba yake kwenye simu mbele yangu. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nikakuacha uifute.

Alikuja. Ndugu walimpigia simu, akapanda basi kutoka Tunduma anakofanya kazi ya kutengeneza malori. Alifika Laela akashuka. Mama Benadeta alimkuta kituoni amekaa juu ya begi, na blanketi jipya kwenye mfuko wa duka, alikuwa amemnunulia mama yako kabla hajapata habari ya kifo. Akamwambia apande gari jingine amalizie safari, watu wanazika. Gaudensi akamjibu, "Mzee alisema hata siku ya mazishi." Alikaa pale mpaka jioni. Basi la kurudi Tunduma lilipopita, akamwachia lile blanketi, akapanda.

Mama Benadeta alinieleza hayo siku ya kuvunja matanga. Aliniita nyuma ya nyumba akaniambia, akanipa na lile blanketi. Ndilo unalojifunika sasa hivi. Ulipoliulizia nilikuambia limetoka parokiani.

Baada ya wageni kuondoka nilikwenda kwenye debe la ulezi. Nilitaka nikitoe kile kifuniko nikakitupe mtoni nisikione tena. Mwanangu, mimi nilikitupia humo kitupu, na uchafu wake wa grisi. Nilikikuta kimefungwa ndani ya kipande cha kanga ya mama yako, ile ya kijani, kimefungwa mafundo mawili kama anavyofunga yeye, na kimefutwa.

Ulezi ule ndio aliokuwa akichota kila wiki. Alikuwa amekiona zamani. Alikijua, maana alipanda gari lile miaka yote na alikuwa na macho. Alikifuta, akakifunga, akakirudisha mahali pake, akaendelea kunipikia. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Alinisubiri mpaka akafa.

Nimekaa na fundo lile miaka sita. Sijalifungua tena.

Namba ya Gaudensi ninayo. Nimempigia mara nne katika miaka hii. Mara tatu nilikata kabla hajapokea. Mara ya nne alipokea upesi, akasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Sauti imekuwa nzito, inafanana na ya babu yako. Nikasema, "Samahani, nimekosea namba." Akasema haina shida mzee. Ndiyo samahani pekee niliyowahi kumpa mwanangu, na niliitoa kwa kosa ambalo sikulifanya.

Huko chuoni watakufundisha haya mambo kwa vitabu na vipimo, na utajua kunizidi. Lakini siku mtu akikuletea gari linalomisi na kupona, na pembeni amemshikilia mtoto au dereva anayemlaumu, mwulize kwanza linamisi saa ngapi. Swali la nani alikuwa anaendesha liweke mwisho, na ukiweza usilifikie. Mengine ya plagi na waya ni kazi tu, mkono utazoea.

Nikuambie na ujanja niliokuwa nimeupanga, ucheke. Leo jioni ulipokwenda kuaga kwa shangazi, nilifungua begi lako nikatia lile fundo la kanga katikati ya masweta. Barua hii niliianza ili nikuombe ushuke Tunduma ukampe kaka yako, umwambie baba anasema hivi na hivi. Nimeandika mpaka hapa nikaona ni yale yale ya kubadilisha plagi. Mtoto wa kwanza nilimbebesha kosa langu, wa pili nataka nimbebeshe kuliungama. Nimekwenda kwa kunyata nikalitoa. Ukikuta sweta la bluu limekunjwa vibaya, ni mimi.

Kwa hiyo kesho usishangae ukinikuta kituoni na koti la kanisani. Sikusindikizi. Na mimi nasafiri. Sadiki amenikatia tiketi jioni hii, mpaka Tunduma, kiti cha nyuma yako. Kuku nimemwachia yule jirani wa mganga.

Ukishasoma haya huenda usitake kunisemesha. Usinisemeshe, sitakulaumu. Nitakaa kwenye kiti changu kama gunia. Mpigie kaka yako au usimpigie, hilo ni lako, namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mimi nataka tu nisimame mbele yake nimpe kile kifuniko, na ile shikamoo yake niiitikie. Akinifukuza, ana haki, na mimi namjua aliyemfundisha.

Ila nina ombi moja. Ninajijua mimi. Basi likisimama Laela nitasema nashuka mara moja kununua mahindi ya kuchoma, au nimemwona Mama Benadeta, au tumbo linaniuma. Usiniamini. Pale ndipo mwanangu alipogeuza, na mimi miguu yangu itataka kugeuza pale pale. Nishike koti, Skola, hata kama huniongeleshi. Likichanika lichanike, nitalishona, lakini usiliachie mpaka basi liondoke.

Baba yako